Kutafuta Jina kwa Kipande Chake

Katika Yangambi, mwendo wa yapata kilomita 100 kutoka Kisangani kwa kuuteremkia Mto Kongo, iko nyumba ya mimea mikavu ambayo tangu zama za INEAC, shirika la utafiti wa kilimo lililoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1933 na ambalo kazi yake leo imo mikononi mwa INERA, imekusanya vielelezo vinavyokaribia 150,000, kila kimoja kikiwa kimeshikizwa juu ya karatasi pamoja na kibandiko kinachotaja jina la mmea kwa Kilatini, mahali ulipochumwa, tarehe, jina la mchumaji, na mara nyingi jina ambalo Waturumbu au majirani zao waliuita. Maadamu hati hizo zimo makabatini, mwenye kuzitafuta ni binadamu mwenye macho na subira, ambaye akikuta kibandiko kimoja kimeandikwa Stanleyville na cha pili Kisangani, anajua kwamba mji ni ule ule na kwamba jina lilibadilishwa mwaka 1966. Hati zinapoingizwa katika hifadhidata ya kompyuta, kazi hiyo huachiwa sentensi moja fupi, yaani ulizo, nayo haijui lolote isipokuwa herufi ilizopewa.

Mas'ala ninayotaka kuyachambua yahusu sentensi hiyo. Watungaji wa programu wa siku hizi hawaandiki maulizo yao moja kwa moja katika lugha ya hifadhidata. Hutumia maktaba, yaani mkusanyo wa amri zilizokwisha tayarishwa, na kila amri ina jina lake, na amri hizo huungwa moja baada ya moja mpaka ulizo likamilike. Katika amri zote hizo, zile za kulinganisha maandishi ndizo zinazoonekana sahala kuliko zote na ndizo zenye mashaka mengi. Dai langu ni kwamba amri inayosomeka ni ile ambayo msomaji wake, bila kufungua kitabu cha maelezo, aweza kusema si tu mistari gani ya jedwali itakayorudi, bali pia mistari gani itakayoachwa nje. Sababu ni kwamba mstari uliorudi kimakosa huonekana na kuondolewa, ilhali mstari usiorudi haumwambii mtu kwamba haukurudi.

Asili ya mashaka ni ya zamani kidogo. Mwaka 1974 Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa kampuni ya IBM walitangaza lugha ya kuuliza hifadhidata ambayo baadaye iliitwa SQL, na ilipofika mwaka 1986 lugha hiyo ilipewa kanuni rasmi nchini Marekani. Kwa kutafuta kipande cha maandishi lugha hiyo ina neno moja, LIKE, na alama mbili: alama ya asilimia, inayosimama badala ya herufi zozote kwa idadi yoyote, na mstari wa chini, unaosimama badala ya herufi moja tu. Kwa vifaa hivyo vitatu mtu aweza kuuliza majina yanayoanza na kipande fulani, yanayoishia nacho, au yenye kipande hicho popote, na kwa kalamu ya mhandisi huo ni uchache wa kupendeza. Lakini uchache huo umeuficha muradi wa mwulizaji ndani ya alama zinazokaa kwenye data yenyewe, hata msomaji asiweze kujua kilichokusudiwa mpaka ahesabu asilimia zilikowekwa, mbele, nyuma, au pande zote mbili.

Na madhara yake si ya macho peke yake. Tuchukue jedwali la vibandiko lenye safu ya maelezo, ambamo mchumaji mmoja ameandika kwamba mmea ulikuwa katika kivuli cha 50%, na wengi wengine wameandika mwinuko wa mahali, 450 m au 500 m. Karani anaandika 50% katika kisanduku cha kutafutia, na mtunga programu, kwa desturi ya wengi, ametia asilimia moja mbele ya maneno ya karani na nyingine nyuma yake. Hifadhidata haitofautishi asilimia ya karani na asilimia ya mtunga programu. Inarudisha kila kibandiko chenye 50 popote, na vivuli vinazama katika miinuko. Kadhalika namba ya kielelezo iliyoandikwa kwa mstari wa chini, mathalani JL_12, italeta JL-12, JLA12 na JL412 kwa pamoja. Wako wanaodhani kwamba kinga ya kawaida dhidi ya wenye nia mbaya, ile ya kupeleka maneno ya mtumiaji kando ya ulizo badala ya kuyachanganya nalo, inatosha kuondoa ila hii. Haitoshi, kwa sababu kinga hiyo huzuia maneno ya mtumiaji yasigeuke amri, lakini haiyazuii kugeuka ruwaza. Maktaba yenye insafu lazima ifanye tofauti mbili ziwe bayana katika majina yake: amri zinazopokea maandishi kama yalivyo, ambazo zenyewe zitazivua alama hizo nguvu zake, na amri moja tu, iliyo kando, inayopokea ruwaza kwa mtu anayejua kwamba anaandika ruwaza.

Maktaba mashuhuri zimeufikia ukweli huu kwa njia mbalimbali, na si zote zimeufikia. Django, iliyotangazwa hadharani mwaka 2005, ina amri za contains, startswith na endswith, ambazo huzivua nguvu alama za asilimia na mstari wa chini bila kuombwa. Hilo ni jambo la kusifiwa. LINQ ya Microsoft, iliyotoka mwaka 2007, ilikwenda mbali zaidi, kwani ilichukua amri zile zile ambazo mtunga programu alikwisha zizoea katika maandishi ya kawaida na kuzifasiri ziwe SQL. Arel, iliyo chini ya Rails, ina amri ya matches, na jina hilo lina kasoro mbili. Kwanza halisemi kipande kitafutwe wapi, kwa kuwa bado linangoja ruwaza yenye asilimia zake. Pili, amri hiyo moja ikipelekwa kwa PostgreSQL hugeuzwa kuwa ulizo lisilojali herufi kubwa na ndogo, na ikipelekwa kwa hifadhidata nyingine huachwa ifuate tabia ya hifadhidata hiyo. Hapo jina limebaki lile lile na jibu likabadilika, na sioni kosa kubwa kuliko hilo katika fani hii.

Sasa niingie katika jambo ambalo wabunifu wa maktaba hizi, wengi wao wakiwa wamekulia katika lugha za Ulaya, hawakuwa na sababu ya kuliona. Katika Kifaransa au Kiingereza neno hubadilika zaidi mwishoni mwake, na shina hukaa mbele. Kwa hiyo mtu anayetafuta kwa kuanzia mwanzo wa neno hupata jamii nzima ya neno hilo kwa wepesi, na amri ya mwanzo imekuwa ndiyo chaguo la kwanza la visanduku vingi vya kutafutia. Lugha zetu za Kibantu zina desturi ya kinyume. Sisi hubadilisha mbele: tunda ni embe na mti wake ni mwembe, tunda ni pera na mti wake ni mpera, na mwenye kuandika pera katika kisanduku kinachotafuta kwa mwanzo hatauona mti hata mmoja. Wavuvi na wachuuzi wa mtoni walio chini ya Kisangani waitwa Lokele katika hati moja, Balokele katika ya pili, na Walokele katika hati ya Kiswahili. Wenye mitego kwenye maporomoko wameandikwa Wagenia, Wagenya, Enya na Baenya. Anayetafuta Lokele kwa amri ya mwanzo atapata theluthi ya ukweli, naye ataondoka akiamini ameupata wote.

Tatizo lina upande wa pili, ambao katika jimbo letu la Tshopo ni mzito vilevile. Tshopo ina wilaya saba: Bafwasende, Banalia, Basoko, Isangi, Opala, Ubundu na Yahuma. Tatu zaanza na Ba. Na mtu akiufuata mto kutoka Kisangani kwenda Isangi atakutana na Yakusu, Yanonge na Yangambi, kisha vijiji vingi ambavyo navyo vyaanza na Ya. Kwa hiyo herufi mbili za kwanza, ambazo kwingineko zingetosha kupunguza orodha ndefu kuwa fupi, hapa hazipunguzi kitu cha maana. Kisanduku kinachomletea mtu mapendekezo pindi anapoandika herufi ya pili kimetengenezwa kwa ajili ya orodha ya namna nyingine. Mbunifu anayefahamu hili hataiondoa amri ya mwanzo, maana ina kazi zake, ila hataifanya iwe tabia ya kimyakimya ya amri yenye jina la jumla kama tafuta. Kila mahali pa kipande patakuwa na jina lake, na mwulizaji atalazimika kuchagua.

Amri ya mwisho wa neno, ambayo vitabu vya mafunzo aghalabu huitaja kwa kupitia tu kana kwamba ni pacha asiyekuwa na kazi, ina kazi kubwa katika nyumba ya mimea. Mti ule unaotawala sehemu kubwa za misitu ya Tshopo na Ituri, na ambao huko Ituri huitwa mbau, ulipewa kwanza jina la Macrolobium dewevrei, na mwaka 1952 Jean Léonard akauhamishia katika jenasi mpya, ukawa Gilbertiodendron dewevrei. Afrormosia elata, yenye mbao za thamani na ambayo biashara yake tangu mwaka 1992 imo chini ya usimamizi wa mkataba wa CITES, imekuwa Pericopsis elata tangu mwaka 1962. Kwa kanuni za wataalamu wa mimea, jenasi yaweza kubadilika na neno la pili likabaki. Hivyo anayeuliza majina yanayoishia na dewevrei hupata vielelezo vya zamani na vipya kwa ulizo moja, jambo ambalo amri ya mwanzo haiwezi kabisa. Lakini sharti liko: majina ya wataalamu waliotoa jina, ambayo huandikwa baada ya jina la mmea, yawe katika safu yao wenyewe, kwa kuwa palipoandikwa Pericopsis elata (Harms) Meeuwen katika safu moja, ulizo la mwisho haliambulii kitu. Ufasaha wa amri hauwezi kuponya jedwali lililopangwa vibaya.

Yafuatayo ni mambo ya herufi kubwa na ndogo, na alama za juu ya herufi. Jimbo la Mashariki, ambalo Tshopo ilikuwa sehemu yake, liliitwa Haut-Zaïre tangu mwaka 1971 mpaka 1997, na katika hati za miaka hiyo jina hilo hupatikana kwa nukta mbili juu ya i, bila nukta, na kwa herufi kubwa tupu. SQLite, hifadhidata ndogo iliyomo karibu katika kila simu, husawazisha herufi kubwa na ndogo kwa zile herufi za Kilatini zisizo na alama peke yake. Z na z kwake ni moja, lakini Ï na ï ni mbili. MySQL tangu toleo la 8.0, kwa mpangilio wake wa kawaida, haijali ukubwa wala alama. PostgreSQL hujali vyote viwili, isipokuwa mtu aombe vinginevyo. Fauka ya hayo, ï yaweza kuhifadhiwa kama herufi moja kamili au kama i ikifuatwa na alama yake, na machoni pa msomaji hakuna tofauti yoyote, ilhali kwa mashine hayo ni maandishi mawili. Basi mwanafunzi aliyekusanya data zake kwa simu huko msituni, kisha akazihamishia katika hifadhidata kubwa ya chuo, aweza kuuliza swali lile lile kwa herufi zile zile na kupata majibu mawili, na hakuna mtu aliyekosea isipokuwa maktaba iliyokubali kunyamaza.

Django imejibu hili kwa kutia herufi moja mbele ya jina, contains ikawa icontains. Uamuzi huo naufahamu lakini siupendi, kwa sababu herufi moja nyembamba imebebeshwa maana nzima na jicho lililochoka huiruka. Tena juu ya SQLite ulinzi huo haupo, kwani huko contains nayo haijali ukubwa wa herufi, na maelezo ya Django yenyewe yakiri hivyo. Wengine hutumia neno la kweli au uongo kama nyongeza ya pili ya amri, na hilo ni baya zaidi, maana anayesoma “kweli” baada ya jina la mji hana njia ya kujua ni nini kilicho kweli. Njia iliyo bora ni nyongeza yenye jina lake, inayosema waziwazi kwamba ukubwa wa herufi usijaliwe, au kwamba alama zisijaliwe, kila moja peke yake; na pale ambapo hifadhidata iliyo chini haiwezi kuitimiza ahadi hiyo, maktaba ikatae kwa sauti kuliko kutoa jibu la karibu.

Kuna swali la lugha ya majina yenyewe, ambalo kwa walimu wa Chuo Kikuu cha Kisangani na kwingineko wanaotaka kufundisha kwa Kiswahili si la anasa. Mtu akitaka kutafsiri amri hizi kwa vitenzi, mara moja atagongana na ngeli: jina linaanza, mahali panaanza, mti unaanza, na amri moja isiyobadilika italazimika kukosea sarufi katika nafasi mbili kati ya tatu. Nomino haina mashaka hayo. Amri zikiitwa mwanzo, mwisho, ndani na kamili, basi mahali.mwanzo("Yang") na mti.mwisho("dewevrei") husomeka bila kuuvunja upatanisho wowote, na majina hayo mawili ni mafupi kuliko ya Kiingereza.

Lakini ufupi usitukuzwe kupita kiasi. John Carrington, mmisionari Mwingereza wa Yakusu aliyechapisha mwaka 1949 kitabu chake juu ya ngoma zinazosema, alieleza kwamba katika Kilokele neno la mwezi na neno la kuku yana toni moja, na kwa kuwa ngoma hubeba toni peke yake, mpigaji hapigi neno tupu; huongeza kifungu kizima kinachojulikana na wote, na kifungu hicho humtenga mwezi na kuku. Urefu ule ulikuwa ndio usalama wa ujumbe. Jina la amri nalo husikika mbali na aliyelitunga, na maneno mawili yanayozuia utata ni bora kuliko moja linalouacha, maadamu kila neno lililoongezwa limeondoa maana moja isiyotakiwa.

Nafasi ambapo maneno ya ziada huhitajiwa kuliko zote ni katika ukanusho. Tuseme mtafiti ataka vielelezo vyote ambavyo mahali pake hapaanzi na Yangambi, apate kuona nchi iliyo nje ya kituo. Katika jedwali la vibandiko vya kale safu ya mahali mara nyingine ni tupu, ama kwa sababu mchumaji hakuandika, ama wino umefutika. Kwa mujibu wa mantiki ya SQL, ambayo ina hukumu tatu, kweli, uongo na haijulikani, kitu kitupu hakianzi na Yangambi wala hakikosi kuanza nayo. Hukumu yake ni haijulikani, na mstari wenye hukumu hiyo hauingii katika jibu. Hivyo ulizo lisilo na ukanusho lina Yangambi, ulizo la kinyume chake lina visivyo Yangambi, na ukiyajumlisha yote mawili hupati idadi ya jedwali. Vielelezo visivyo na mahali havimo kokote. Mtafiti anayechora ramani kwa hesabu hizo ataona msitu ambao haujachunguzwa pale ambapo yamkini ulichunguzwa sana. Naona kwamba maktaba inapotoa amri ya kukanusha yapasa kumlazimisha mwandishi aseme vitupu viwekwe upande gani, japo atalalamika kwamba anaandika zaidi.

Gharama nitaigusa kwa ufupi. Faharasa ya kawaida ya hifadhidata hupangwa kwa mfuatano wa herufi kuanzia ya kwanza, kwa hiyo hulisaidia ulizo la mwanzo, lakini haina msaada kwa ulizo la ndani wala la mwisho, ambapo mistari yote husomwa mmoja mmoja. Kwa vielelezo 150,000 mashine haitaona uchungu mkubwa. Kwa mamilioni itauona. Dawa zipo, kama kuhifadhi jina likiwa limegeuzwa nyuma mbele kwa ajili ya ulizo la mwisho, na jina la amri halina haja ya kuzitangaza.

Mwisho kuna kutafuta kwa kukaribia, ambako watu hukukimbilia wakichoshwa na tahajia. Soundex, mbinu ambayo Robert Russell aliipatia hataza Marekani mwaka 1918, huhifadhi herufi ya kwanza ya jina na kuzigeuza konsonanti zinazofuata kuwa tarakimu. Kwa majina yetu ni msiba: Lokele huwa L240 na Balokele B424, na Tshopo huwa T210 huku Chopo, kama angeliandika mtu aliyesoma Unguja, huwa C100. Mbinu ya vipande vya herufi tatu tatu, iliyomo katika PostgreSQL kwa nyongeza iitwayo pg_trgm, haina upendeleo huo kwa herufi ya kwanza. Lokele na Balokele kwa mbinu hiyo hushirikiana vipande 5 kati ya 11, na hayo yatosha kuvuka kiwango cha kawaida cha 0.3. Lakini amri ya namna hii isikae safu moja na mwanzo, mwisho na ndani kana kwamba ni ndugu yao. Hizo tatu hutoa hukumu, na hii hutoa makadirio. Jina lake liseme hivyo, na kiwango kilichotumika kiandikwe ndani ya ulizo lenyewe ili mtu mwingine aweze kukipinga.

Yeyote atakayetunga maktaba ya namna hii ataijaribu kabla ya kuitoa, na majaribio yaliyozoeleka hutumia majina matatu manne ya Kiingereza yasiyo na alama wala utupu. Ningependa jedwali la majaribio liwe na wilaya saba za Tshopo, Haut-Zaïre kwa maandishi yake yote ikiwamo ile ya i na alama yake vikiwa vimetengana, Lokele pamoja na Balokele na Walokele, mti mmoja kwa jina lake la kale na lake la sasa, kivuli cha 50% pembeni ya mwinuko wa 450 m, na mistari miwili mitatu ambayo mahali pake pameachwa wazi. Na kwa kila amri iandikwe kwanza orodha ya mistari isiyotakiwa kurudi, ndipo ifuate ya inayotakiwa.